Leakey: Mtafiti aliyejifunza kwa uchungu uzito wa ushahidi

MSAFIRI anayetoka Nairobi kuelekea mjini Nakuru, akiukaribia mtaa wa Free Area, huwa si mbali na kilima cha mawe ambacho wengi hukipita bila kukitupia jicho. Kilima hicho ni Hyrax Hill, kilichopewa jina la pimbi waliozoea kujificha katika nyufa za miamba yake.

Chini ya nyasi za kilima hicho yamo makaburi, mashimo na vigae vya watu walioishi hapo karne nyingi kabla ya reli, kabla ya mashamba ya walowezi na kabla ya mji wenyewe. Mmoja wa waliotambua mapema kwamba mahali hapo palificha historia alikuwa Louis Leakey, aliyekuja Nakuru kuchimba mwaka wa 1926 akiwa kijana mwenye umri wa miaka 23.

Jina la Leakey linajulikana mno Kenya na Tanzania kwa sababu ya mafuvu ya kale. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mtafiti huyo aliwahi kufedheheka mbele ya wasomi wa dunia. Hakuwa amedanganya. Kosa lake ni kuwa alishindwa kuwaonyesha wenzake mahali alipoutoa ushahidi wake.

Fedheha hiyo nusura izime kazi yake yote. Aidha, ndiyo iliyomfundisha kwamba habari haiwi ya kuaminika kwa sababu ya cheo cha msemaji au ufasaha wa maneno yake, bali kwa sababu mtu mwingine anaweza kuifuata hadi chimbuko lake na kuipima.

Nyembe za mizimu

Leakey alizaliwa Kabete mnamo Agosti 7, 1903, wazazi wake wakiwa wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza. Alikulia miongoni mwa watoto wa Wakikuyu, akazungumza lugha yao kama wao na akapitia jando pamoja na rika lake.

Akiwa na umri wa miaka 13 hivi, alisoma kitabu cha watoto kilichoeleza maisha ya watu wa kale na zana zao za mawe. Alianza kuokota mawe meusi yanayong'aa kama kioo, ambayo wataalamu huyaita obsidiani. Wenyeji wa Kabete waliyachukulia kuwa nyembe za mizimu zilizoanguka kutoka mbinguni. Baadhi ya watu wa nyumbani kwao walimcheka.

Kijana huyo hakukubali kauli ya upande wowote, wala hakuridhika na dhana yake mwenyewe. Aliyapeleka mawe yake kwa Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho ya Nairobi, mtu aliyekuwa na ujuzi wa kuyachunguza na ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea. Loveridge alithibitisha kuwa baadhi ya mawe hayo yalikuwa zana zilizochongwa kwa mkono wa binadamu.

Mnamo 1922 Leakey alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Baadaye alipenda kusimulia jinsi alivyoomba kutahiniwa katika lugha ya Kikuyu, kisha akapokea barua mbili: moja ya kumwita kufanya mtihani, na nyingine ya kumwomba awe mtahini wa mtihani uo huo. Kisa hicho kiliwachekesha wengi. Hata hivyo, kilitoka kinywani mwa mhusika mwenyewe, na msomaji makini hukipokea kama kisa cha barazani, si kama hati ya chuo.

Kalenda ya maziwa

Baada ya kuhitimu mwaka wa 1926, Leakey alirejea Kenya na kuanza misafara ya utafiti katika Bonde la Ufa. Alichimba makaburi ya kale karibu na Nakuru, akaenda Elmenteita, akachimba katika pango la Gamble's Cave na kufika Kariandusi, ambako mashoka ya mawe yalipatikana kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1920.

Wakati huo hapakuwa na chombo cha kupima umri wa mfupa au mkaa. Leakey alitegemea kingo za zamani za maziwa ya Nakuru na Elmenteita, ambazo zinaonyesha kuwa maji yaliwahi kufika juu sana kuliko yalipo sasa. Alizihusisha nyakati hizo za mvua kubwa na enzi za barafu za Ulaya, akapata kalenda aliyoiamini.

Kalenda hiyo ilikuwa na kasoro. Baada ya vita vya pili vya dunia, mbinu ya kupima umri kwa kaboni ilipovumbuliwa, ilibainika kuwa tabaka maarufu za Gamble's Cave zina umri wa takriban miaka 8,000, pungufu sana ya alivyokadiria. Lakini kwa kuwa tabaka zenyewe zilikuwa zimeelezwa vyema, watafiti waliomfuata waliweza kurudi pangoni, kuchukua sampuli na kumsahihisha.

Mambo hayakuwa hivyo katika kisa kilichofuata.

Vigingi vilivyotoweka

Mnamo 1931 Leakey alifika Olduvai, Tanganyika, pamoja na Mjerumani Hans Reck, ambaye mwaka wa 1913 alikuwa amefukua mifupa kamili ya binadamu mahali hapo. Awali Leakey alikuwa na shaka kuhusu umri wa mifupa hiyo. Alipofika alibadili mawazo, akatangaza kuwa ni ya kale sana. Uchunguzi wa udongo ulionyesha kinyume chake: mtu huyo alikuwa amezikwa katika tabaka la zamani miaka mingi baada ya tabaka hilo kujengeka. Mwaka wa 1933 Leakey na Reck walikubali kosa lao hadharani.

Mapema mwaka wa 1932, huko Kanam kwenye rasi ya Homa kando ya ziwa Victoria, msaidizi wake Juma Gitau alipata kipande cha taya kilichogandamana na jiwe. Karibu na hapo, Kanjera, vilipatikana vipande vya mafuvu. Leakey aliamini taya hilo ni la babu wa moja kwa moja wa binadamu wa leo, na kwamba lilikuwa la kale kuliko lolote lililojulikana.

Mnamo 1933 kamati ya wataalamu ilikutana Cambridge na kuupokea ushahidi wake. Jina la Leakey lilipaa. Lakini Percy Boswell, profesa wa jiolojia jijini London, hakuridhika. Hakuuliza iwapo Leakey ni mtu mwaminifu. Aliuliza swali gumu zaidi: taya lilitoka wapi hasa, na nani mwingine anaweza kupaona?

Boswell aliwasili Kanam mwanzoni mwa mwaka wa 1935 ili ajionee. Leakey hakuweza kumwonyesha. Vigingi vya chuma alivyokuwa amechomeka kuweka alama vilikuwa vimeng'olewa, kwani kwa wenyeji chuma kilikuwa mali. Mvua ilikuwa imekula kingo za makorongo. Ramani ya kutegemewa haikuwapo.

Picha nazo zilimwangusha. Kamera yake ilikuwa imeharibika wakati wa msafara wa kwanza, akatumia picha iliyopigwa na mwenzake. Picha hiyo, ambayo ilikuwa imeonyeshwa London, ilibainika kuwa ya mahali tofauti kabisa.

Mnamo Machi 1935 Boswell alichapisha matokeo yake katika jarida la Nature. Uamuzi ulikuwa mkali: ushahidi ambao chimbuko lake haliwezi kuonyeshwa hauwezi kutegemewa. Milango ya Cambridge ikaanza kumfungia Leakey, hasa kwa kuwa ndoa yake ya kwanza pia ilikuwa imevunjika kwa kishindo.

Wataalamu waliochunguza taya la Kanam baadaye hawakulikubali kuwa la babu huyo wa kale aliyedaiwa, na umbo la kidevu lililomvutia Leakey lilihusishwa na uvimbe wa ugonjwa. Hata hivyo, eneo lenyewe halikuwa tupu. Mwaka wa 2023 watafiti walitangaza kupatikana kwa zana za mawe za zaidi ya miaka milioni 2.5 huko Nyayanga, katika rasi iyo hiyo ya Homa. Leakey alikuwa ameelekea mahali panapofaa, lakini hakuwa na kumbukumbu za kuthibitisha alichokiona.

Mary na mashimo ya Hyrax Hill

Mnamo Desemba 1936 Leakey alimwoa Mary Nicol, mchoraji na mchimbaji hodari wa mabaki ya kale. Mwezi uliofuata waliwasili Kenya. Mary aliugua vibaya nimonia, na alipopona alianza kuchimba Hyrax Hill mwaka wa 1937 na kuendelea hadi 1938.

Mary hakuwa na haraka ya kutangaza. Alipima, akachora ramani, akaandika kila kigae kilipatikana wapi na kwa kina gani. Alikuta makazi ya vipindi mbalimbali: makaburi ya wafugaji wa kale, na upande mwingine wa kilima mashimo ya mviringo ambayo simulizi za jamii za Wakalenjin huyahusisha na watu walioitwa Wasirikwa. Ripoti yake ilichapishwa mwaka wa 1945.

Katika kipindi hicho, yeye na mumewe walichimba pia pango la mto Njoro, walikokuta mabaki ya karibu watu 80 waliochomwa baada ya kufa, pamoja na bakuli za mawe na shanga nyingi. Mbinu ya kaboni ilipokuja, iligundulika kuwa mabaki hayo yana umri wa takriban miaka 3,000.

Mary alidhani mashimo ya Hyrax Hill yalikuwa nyumba za watu. Miongo kadhaa baadaye, mwanaakiolojia John Sutton, aliyechimba tena kilimani mwaka wa 1985, alieleza kuwa yalikuwa maboma ya mifugo, na kwamba nyumba za watu zilijengwa pembeni. Alilinganisha umbo la mashimo, mifupa ya wanyama, mirundiko ya samadi na takataka, pamoja na simulizi za wazee kutoka nyanda za juu.

Hapo ndipo tofauti ya Kanam na Hyrax Hill inapoonekana. Mary alikosea katika kufasiri, lakini ramani zake zilimwezesha mtu mwingine kuliona kosa hilo. Louis alikosa ramani, na kwa hiyo hata kama angekuwa sahihi, hakuna ambaye angeweza kujua.

Serikali ya kikoloni iliitangaza Hyrax Hill kuwa turathi ya kitaifa mwaka wa 1943, na baadaye nyumba ya shamba iliyokuwa hapo ikageuzwa kuwa makumbusho.

Baraza la wazee na mahakama ya Kapenguria

Kati ya 1937 na 1939, huku Mary akichimba, Leakey alifanya utafiti wa aina nyingine. Alikusanya mila na desturi za Wakikuyu wa kusini jinsi zilivyokuwa kabla ya mwaka aliozaliwa. Chimbuko lake sasa lilikuwa vinywa vya watu.

Kwa msaada wa Chifu Koinange, alikutana na baraza la wazee. Mzee mmoja akisahau, mwingine alimkumbusha. Mmoja akitia chumvi, wenzake walimrekebisha. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka wa 1977 katika majuzuu matatu, Leakey akiwa amekwisha kufariki. Hata hivyo, wazee hao walikuwa wanaume wa eneo moja, na msomaji anayetaka kujua maisha ya wanawake au ya Wakikuyu wa maeneo mengine hana budi kutafuta kwingineko.

Ujuzi wake wa Kikuyu ulimwingiza baadaye katika kesi kubwa kuliko zote katika historia ya ukoloni nchini. Mwishoni mwa mwaka wa 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria kwa madai ya kuongoza Mau Mau, na Leakey akateuliwa kuwa mkalimani wa mahakama.

Mwaka uo huo alikuwa amechapisha kitabu cha kuipinga Mau Mau. Wakili Denis Pritt, aliyewatetea washtakiwa, alihoji vipi mtu mwenye msimamo kama huo angeweza kuwa daraja la maneno kati ya mshtakiwa na hakimu. Hakuna aliyesema kuwa Leakey hakijui Kikuyu. Swali lilikuwa iwapo alisimama mbali vya kutosha na ugomvi wenyewe. Kabla ya kesi kumalizika, Leakey alijiondoa.

Uzito wa swali hilo ulidhihirika baadaye. Kenyatta alifungwa mwaka wa 1953, kwa kiasi kikubwa kutokana na ushahidi wa Rawson Macharia. Mwaka wa 1958 Macharia alitoa hati ya kiapo akisema alikuwa ametoa ushahidi wa uongo baada ya kuahidiwa manufaa. Kiongozi alikwisha kukaa kifungoni kwa miaka mingi kwa neno la shahidi aliyekuja kulikana neno lake.

Fuvu lililosubiri kamera

Wakati kesi ya Kapenguria ikiwashughulisha watu, ulimwengu wa sayansi nao ulipata pigo. Mnamo 1953 iligunduliwa kuwa mabaki ya Piltdown, yaliyotangazwa Uingereza mwaka wa 1912 kama ya babu wa binadamu, yalikuwa ya kughushiwa. Fuvu la mtu lilikuwa limeunganishwa na taya la orangutangu lililopakwa rangi.

Kwa miaka 40 wataalamu wengi waliotaka kuyachunguza walikuwa wakipewa nakala za plasta. Jina kubwa la makumbusho ya London lilitosha kuwatuliza. Fundi huyo wa hila hakuwahi kuulizwa na Boswell yeyote.

Asubuhi ya Julai 17, 1959, huko Olduvai, Louis alikuwa kitandani na homa. Mary alitoka peke yake na mbwa wake, akaona mfupa na meno mawili makubwa yakichomoza ardhini. Alirudi kambini mbio, na mumewe akasahau homa.

Safari hii hawakuung'oa mfupa. Walisubiri mpigapicha Des Bartlett afike, na ufukuaji ukarekodiwa kwa filamu tangu mwanzo, fuvu likiwa bado mahali lilipolala. Aliyekumbuka vigingi vya Kanam hakuhitaji kuelezwa sababu.

Mwaka wa 1961 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California walipima majivu ya volkano yaliyozunguka fuvu hilo, lililoitwa Zinjanthropus, na kupata umri wa takriban miaka milioni 1.75. Wengi walistaajabu, maana ulikuwa karibu mara tatu ya umri aliokuwa amekadiria Leakey mwenyewe. Safari hii mwenye habari hakuwa shahidi wa pekee. Palikuwa na filamu, udongo, maabara na macho ya watu wengine.

Hata hapo Leakey alilazimika kujirekebisha. Mwanzoni alitangaza kuwa Zinjanthropus ndiye aliyechonga zana zilizopatikana karibu naye. Mifupa mingine ilipofukuliwa, yeye na wenzake, Phillip Tobias na John Napier, walitangaza mwaka wa 1964 kiumbe kingine, Homo habilis, na sifa ya uchongaji ikahamishiwa kwake.

Katika miaka hiyo pia alimtuma Jane Goodall kwenda Gombe, Tanganyika, mwaka wa 1960 kuchunguza sokwe, ingawa binti huyo hakuwa na shahada. Leakey alipenda jicho lisilotawaliwa na nadharia za darasani. Lakini alijua pia kuwa wasomi wasingemsikiliza, hivyo akampangia kwenda kusomea shahada ya uzamifu Cambridge.

Jicho la mzee

Mtu anaweza kujifunza somo na bado likamponyoka uzeeni. Katika miaka ya 1960 Leakey aliunga mkono uchimbaji wa Calico huko California, akiamini kuwa mawe yaliyopatikana yalikuwa zana za watu walioishi Marekani maelfu mengi ya miaka kabla ya wakati uliokubalika.

Wataalamu wengi waliona ni mawe yaliyovunjwa na maji na mporomoko wa ardhi. Mary alikuwa miongoni mwa wasioamini, na suala hilo likawa mojawapo ya mambo yaliyowatenganisha wawili hao. Yule mvulana wa Kabete aliyepeleka mawe yake kwa Loveridge sasa alikuwa ametegemea mno jicho lake mwenyewe.

Louis Leakey alifariki jijini London mnamo Oktoba 1, 1972, akiwa na umri wa miaka 69, na akazikwa Limuru. Mary aliendelea kuchimba kwa miaka mingi, akafariki mwaka wa 1996.

Mwanafunzi wa Nakuru anayeandika insha leo ana habari nyingi kuliko Leakey na Boswell kwa pamoja, nazo humfikia kwa simu iliyomo kiganjani. Maswali ya kuzipima hayajabadilika: imetoka wapi, nani aliyekuwapo, msemaji ana maslahi gani, na je, mtu mwingine anaweza kwenda kupaona?

Kwa wakazi wa Free Area, jibu la swali la mwisho halihitaji nauli kubwa. Mashimo ya Hyrax Hill yangalipo mahali Mary Leakey alipoyachora, na mwenye shaka anaweza kupanda kilima akajionea.